Safari ya Skuli Kisiwani Chumbe na Fungu la Binti Zetu

Makala yetu ya mwezi huu ni juu ya kipande cha karatasi. Ni ile barua ambayo mwalimu humpa mwanafunzi aipeleke nyumbani ili mzee wake atie sahihi kwamba ameridhika mwanawe afuatane na wenziwe katika ziara ya masomo. Karatasi yenyewe ni ndogo, wala haina maneno mengi. Lakini katika nyumba zetu imekuwa mfano wa mlango wenye bawabu. Mvulana hupita upesi. Msichana husimamishwa akaulizwa maswali, na mara nyingi barua yake hurudi skuli haina sahihi, au hairudi kabisa.

Twapenda wasomaji wetu, wazee kwa vijana, watazame jambo hili kwa utulivu, na tutalitazama kwa mfano wa mahali pamoja tu, nako ni kisiwa cha Chumbe.

Kisiwa hiki kiko kusini ya mji wa Unguja, mwendo wa kilomita kama 12 hivi kutoka mjini, na boti za wageni huondokea pwani ya Mbweni. Ni kisiwa kidogo mno, eneo lake ni kama hekta 22, chote ni jiwe la matumbawe ya kale lililoinuka juu ya maji, na juu yake umeota msitu wa maweni. Wapitao kwa meli baina ya Unguja na Dar es Salaam wanakijua kwa mnara wake wa taa, uliojengwa mwaka 1904. Chini ya mnara kuna msikiti mdogo wa zamani uliojengwa kwa ajili ya watu waliokuwa wakiitunza taa ile. Watu hao walikuwa wachache, na maji ya kunywa ilikuwa taabu kuyapata. Hata hivyo hawakuridhika kukaa pasipo msikiti.

Mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar iliutangaza mwamba wa matumbawe ulio upande wa magharibi wa kisiwa kuwa hifadhi, isivuliwe samaki humo wala isitiwe nanga. Msitu nao ukahifadhiwa. Mradi huo uliasisiwa na bibi mmoja wa Kijerumani, Sibylle Riedmiller, na walinzi wa kwanza walikuwa wavuvi wa vijiji vya karibu, ambao walifundishwa kazi ya kulinda mahali walipokuwa wakipajua tangu utoto wao. Wageni wachache hulala huko katika vibanda saba vya makuti, na pato litokanalo nao ndilo lililosaidia kuwachukua wanafunzi wa skuli za Unguja kwenda kusoma kisiwani. Kwa hiyo haifai mzee kudhani kuwa mahali pale ni pa starehe za wageni tu. Yapo mafunzo yaliyopangwa, wapo walimu wa mahali hapo wasemao Kiswahili, na mtoto hurudi na jambo alilolisoma.

Na hujifunza nini? Hapa yafaa tukae kidogo, kwani mzee hawezi kukubali wala kukataa kitu asichokijua.

Mtoto wa Unguja humla changu, na pono, na tasi, tangu hajaota meno yote. Lakini humjua samaki akiwa juu ya meza ya Darajani au ndani ya chungu cha mama yake. Mahali samaki huyo alipozaliwa, alipojificha na alichokula, mtoto hapajui. Katika skuli amesoma kitabuni kwamba matumbawe ni mkusanyiko wa wanyama wadogo wajengao nyumba ya chokaa, naye amelijibu swali hilo katika mtihani; lakini moyoni mwake angali akiamini kuwa matumbawe ni mawe, maana ndiyo yaliyojengea kuta za mji wake. Akitiwa miwani ya kuzamia na mrija wa kuvutia pumzi, akainamisha uso wake majini kwa dakika mbili, anayaona mawe yale yakiwa hai: yana rangi, yana vidole, na samaki wamejaa ndani yake kama njiwa katika dari. Mwamba wa Chumbe una aina zipatazo 200 za matumbawe magumu, na aina za samaki zaidi ya 400. Hata hao samaki hawakimbii, kwa kuwa hawajazoea kuvuliwa.

Pale ndipo mwalimu husema naye habari ya riziki. Samaki akiachwa akakua mahali pamoja palipolindwa, huzaa, na vizazi vyake huvuka mpaka, vikaingia katika maji ambayo wavuvi huvua. Na mwamba uliopasuliwa kwa baruti, au ulioburutiwa juya, hauzai tena kwa muda mrefu. Mwaka 1998, na tena mwaka 2016, maji ya bahari yetu yalipata joto kupita kiasi, na matumbawe mengi ya upande huu wa Bahari ya Hindi yakawa meupe, na mengi yakafa. Mtoto aliyeliona tumbawe hai huielewa habari hiyo mara moja. Yule asiyeliona huikariri tu.

Juu ya nchi kavu nako kuna masomo. Wapo wale kaa wakubwa wenye gando la nguvu, watambaao usiku na kupanda miti, ambao katika sehemu nyingi za bahari hii wamekwisha malizwa kwa kuliwa. Yupo paa nunga, mnyama mdogo ambaye yumo katika hatari ya kutoweka duniani. Na zipo nyumba zenyewe, ambazo paa zake hukinga maji ya mvua yakaingia kisimani, na taa zake huwashwa kwa nguvu ya jua. Mtoto ambaye nyumbani kwao maji ya bomba hukatika hutazama visima vile kwa makini zaidi ya kitu kingine chochote, wala hatumlaumu.

Sasa turejee katika karatasi yetu. Kwa nini msichana azuiliwe? Sababu wanazozitaja wazee twazijua, na si sababu za upuuzi. Husema bahari ina hatari. Husema wavulana na wasichana watachanganyika. Husema nguo za kuogelea zinafichua mwili. Wengine hawasemi neno, ila huona tu kuwa safari ni jambo la wanaume, na msichana ana kazi nyumbani.

Hii ya mwisho ndiyo dhaifu kuliko zote, na tutaipita upesi. Kutafuta elimu ni faradhi juu ya kila Mwislamu, na wanavyuoni wetu hawakuliweka fungu la wanawake nje ya faradhi hiyo. Kurani Tukufu inatuamrisha kutembea katika ardhi na kutazama jinsi viumbe vilivyoanzishwa, na katika Sura ya Annahl tunakumbushwa kuwa bahari imetiishwa kwa ajili yetu ili tule humo nyama laini na tutoe humo mapambo. Amri ya kutazama haikugawanywa.

Ama ile ya hatari, hiyo twaikubali. Na kwa sababu hiyo hiyo twasema msichana aende. Sisi ni watu wa visiwa. Hakuna binti wa Unguja wala wa Pemba atakayemaliza umri wake bila ya kupanda chombo, kwenda kusoma, au kuolewa, au kuuguza mgonjwa, au kuhiji. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba. Tarehe 18 Julai 2012 meli ya MV Skagit, iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam, ilizama karibu na kisiwa hiki hiki cha Chumbe tunachokizungumza. Nyumba nyingi za wasomaji wetu zilifiwa katika misiba hiyo miwili, na Mwenyezi Mungu awarehemu wote waliotangulia. Hatusemi kuwa ajuaye kuogelea angesalimika. Ajali ni ya Mwenyezi Mungu, na usiku na mawimbi ni mambo makubwa. Lakini mtu aliyewahi kuvaa jaketi la kuelea, akajua jinsi ya kulifunga, akajua kulala chali juu ya maji na kuvuta pumzi pasipo kupaparika, hayuko sawa na yule ambaye maji yamemfika kifuani kwa mara ya kwanza siku ya msiba. Yule Bedui aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) habari ya ngamia wake aliambiwa amfunge kwanza, kisha ndipo ategemee. Na imepokewa kutoka kwa Sayyidna Umar (R.A.) kuhimiza watoto wafundishwe kuogelea. Mzee amwachaye binti yake mjinga wa maji katika nchi iliyozungukwa na maji hajamlinda.

Zimebaki mbili: mchanganyiko na mavazi. Katika hizi mzee ana haki kamili, na skuli ndiyo yenye wajibu wa kumtuliza kwa vitendo. Twapenda kuwakumbusha wasomaji habari iliyopokewa katika Sunan Abi Daud, kuwa Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na mkewe Bi Aisha (R.A.) katika safari. Wapokezi wengine wameongeza kuwa aliwaamuru kwanza watu watangulie mbele, kisha ndipo wakashindana. Tazameni basi: mchezo haukukatazwa, wala stara haikuachwa. Palipangwa utaratibu. Na utaratibu ndio tunaoutaka kwa binti zetu, wala hauhitaji fedha nyingi.

Kwanza, siku. Wasichana wawe na siku yao na wavulana yao. Boti ni ile ile na mafunzo ni yale yale, kwa hiyo skuli haipotezi kitu. Na kwa kuwa kisiwa hakipokei makundi makubwa, zamu zitakuwako kwa vyovyote. Siku ya wasichana wafuatane na walimu wa kike, si mmoja bali wawili kwa uchache, mmoja awe majini na mmoja awe nchi kavu. Skuli iandike mapema kwa wenye kituo na kuomba kuwa atakayewaongoza majini siku hiyo awe mwanamke, na ikiwa hapatikani, waambiwe wazee kabla ya siku ya safari, si baada yake. Jambo moja lililofichwa likigunduliwa huharibu ziara za miaka kumi.

Mavazi yasiwe buibui wala kanga majini. Hili twalisema kwa nguvu, kwani nguo pana ikilowa huwa nzito, hufunga miguu, na mtoto anaweza kuzama kwa stara yake mwenyewe. Ifaayo ni suruali ndefu na kanzu fupi ya mikono mirefu, ya kitambaa chepesi kisichonyonya maji wala kuonyesha mwili, na kilemba kilichofungwa barabara kisichokuwa na ncha za kuning'inia. Fundi yeyote wa mtaani aweza kushona hayo kwa siku moja. Huko Nungwi, tangu mwaka 2011, wasichana wamekuwa wakifundishwa kuogelea na walimu wanawake, hali wamevaa nguo za kufunika mwili mzima, na picha zao zimeonekana duniani kote. Basi asiseme mtu kuwa haiwezekani. Juu ya nguo hizo kila mtoto avae jaketi la kuelea, hata yule ajisifuye kuwa anajua, na hasa huyo.

Mwalimu wa kike na ajue pia, kwa siri na kwa upole, ni nani aliye katika siku zake, asije akalazimishwa kueleza mbele ya wenziwe kwa nini haingii majini au haswali. Msichana huyo asiachwe nyumbani. Msitu na mnara na pwani vyamtosha siku hiyo.

Tarehe ya safari nayo ina elimu yake, na hapa Mwislamu ana kalenda iliyo bora kuliko ile ya ukutani. Bamvu huwa siku za mwandamo wa mwezi na siku za mwezi mpevu, kama kumi na nne hadi kumi na saba. Siku hizo katika maji ya Unguja hupwa sana katikati ya asubuhi, kiasi cha saa nne. Mkondo huwa na nguvu, na boti hupata taabu kukaribia. Maji mafu huja baada ya robo ya mwezi, kiasi cha tarehe nane hadi kumi, na ishirini na tatu hadi ishirini na tano. Asubuhi maji huwa yamejaa, na mkondo ni mpole. Kwa watoto wasiozoea, maji mafu ndiyo mazuri. Mwalimu wa skuli asiyejua hesabu hii amuulize mwalimu wa chuoni, au mvuvi yeyote, naye atamjibu pasipo kufungua kitabu.

Siku za masika si za kwenda, na kusi likivuma kwa nguvu nahodha ndiye mwenye neno la mwisho. Akisema leo hapana, mwalimu asibishane naye kwa sababu ya chakula kilichokwisha pikwa. Ijumaa iachwe, ili wasafiri wasiikose sala ya Ijumaa. Ramadhani nayo iachwe, kwa kuwa anayejifunza kuvuta pumzi kwa mrija hakosi kumeza maji. Mfungo Mosi na mfungo Pili, zikiangukia nje ya masika, watoto wangali na uchangamfu wa Sikukuu.

Walimu wengine huuliza kama safari hii inaruhusu kupunguza sala. Hairuhusu, kwa madhehebu yetu ya Shafii. Masafa ya kupunguzia ni marhala mbili, nayo yapita kilomita 80, na Chumbe haifiki hata robo yake. Adhuhuri itaswaliwa rakaa nne, kwa wakati wake, na msikiti upo. Twashauri ratiba ipangwe hivi: kuingia majini kabla ya adhuhuri, kisha watoto wavae nguo kavu, waswali jamaa, wale, na ndipo waende msituni. Tumesikia ratiba nyingine ambazo sala hutajwa mwishoni kwa neno moja, kana kwamba itajipitia yenyewe baina ya samaki na kaa. Na kabla ya boti kung'oa nanga, mtoto mmoja asome dua ya Nabii Nuhu (A.S.) alipopanda jahazi, na wengine waitikie.

Chakula kiwe chepesi: wali mkavu au mkate wa kumimina, samaki wa kukaanga, ndizi, maji mengi. Kisichukuliwe katika mifuko ya plastiki, ambayo Zanzibar iliipiga marufuku tangu mwaka 2006 na bado twaiona ikielea. Gharama si kubwa, lakini hata nauli ya daladala hadi Mbweni ni mzigo kwa nyumba yenye watoto watatu katika skuli moja. Kamati ya wazee iweke kifuko kidogo, na atakayesaidiwa asitajwe.

Ama barua yenyewe, kwa kweli barua nyingi huandikwa vibaya. Huandikwa kuwa wanafunzi watakwenda “kutembea” Chumbe, mzee akubali au akatae. Mzee aliyeandikiwa hivyo, akakataa, hana makosa. Na iandikwe tarehe na saa ya kuondoka na kurudi. Nani mwalimu wa kike na nani nahodha. Kuwa ni siku ya wasichana peke yao. Nguo zipi zitavaliwa. Kuwa majaketi ya kuelea yako kwa idadi ya watoto. Sala itaswaliwa wapi. Kisha wiki moja kabla, skuli iwaite wazee jioni baada ya Alasiri, wayaone majaketi hayo kwa macho yao na wayashike. Mama wawili au watatu wakaribishwe kufuatana na kundi, kwa zamu. Wengi wa mama hao wamezaliwa Unguja, wamekulia Unguja, na hawajapata hata siku moja kutazama chini ya maji. Twaamini kuwa mama mmoja aliyekwenda akarudi hufanya kazi kuliko barua mia, maana atasimulia kwenye harusi na kwenye maziko, na mwaka ujao karatasi zitarudi na sahihi.

Skuli zisizoweza kuvuka bahari zisikate tamaa. Msitu wa Jozani, ambao pamoja na ghuba ya Chwaka ulifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2004, hufikiwa kwa gari, na huko watoto huwaona kima punju, ambao hawapatikani popote duniani isipokuwa visiwa vya Zanzibar, na hupita juu ya daraja la mbao katikati ya mikoko. Ndugu zetu wa Pemba wanacho kisiwa cha Misali, kilichohifadhiwa mwaka 1998. Wazee wa huko husimulia kuwa Nabii Khidhri (A.S.) alifika akataka msala wa kuswalia, wavuvi hawakuwa nao, naye akasema kisiwa chenyewe ni mithili ya msala, na ndipo kikapata jina. Katika miaka iliyofuata hifadhi hiyo wavuvi wa Misali walisomeshwa uhifadhi kwa dalili za Kurani na Hadithi, kupitia misikiti na vyuo vyao, nao walisikiliza vizuri zaidi kuliko walipokuwa wakisomewa sheria za serikali. Na walioko Mombasa wana bustani ya Haller huko Bamburi, ambako machimbo makavu ya mawe ya saruji yalipandwa miti tangu mwaka 1971 hata yakawa msitu wenye twiga na viboko. Kwenda huko hakuhitaji boti wala kujua kuogelea, na mwalimu aweza kuanza nako kabla ya kuwazoesha wazee habari ya bahari.